Nyumba ya kuungana Kiwatule: tutume pesa leo?

Swali: "Shikamoo. Mimi na mume wangu tunahama Bukoba kuja Kampala mwezi wa nane. Mume wangu amepata kazi Nakawa na atalipwa kwa shilingi za Uganda. Tuna watoto watatu wa shule, na tunakaa na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Dalali ametutumia video ya nyumba ya ghorofa Kiwatule, moja kati ya sita zilizoungana ndani ya geti moja. Vyumba vinne, vigae vinang'aa, jiko zuri. Wanataka dola 900 kwa mwezi, miezi sita mbele na amana ya miezi miwili. Anasema kuna wengine wawili wanaitaka, kwa hiyo tutume nusu leo kwa simu atushikie. Hatujawahi kupanga Kampala wala kukaa nyumba ya kuungana. Tutume? Na tukija kuiona, tuangalie nini?"

Marahaba, dada yangu, na karibuni Kampala. Swali la kwanza nalijibu kwa neno moja: msitume. Si nusu, si robo, wala hiyo inayoitwa ya kushikia. Miezi sita mbele na amana ya miezi miwili ni miezi minane, yaani dola 7,200 kabla hamjaingiza hata godoro. Nusu yake ni dola 3,600, na mnaombwa mumpe mtu ambaye mpaka leo mnamjua kwa sauti na video.

Simsemi vibaya dalali wenu. Nimesimamia nyumba za kupangisha jijini hapa kwa miaka 17, kila wiki nafanya kazi na madalali, na wengi wao wanalisha watoto kwa jasho la halali. Ila nyumba si yao. Nyumba moja hapa inaweza kuwa mikononi mwa madalali watano kwa wakati mmoja, na huyo wenu hawezi kuwashikia kitu kisicho chake. Mwenye nyumba ndiye anayeshika, na hushika kwa mkataba. Hao wengine wawili huenda wapo kweli. Hata kama wapo, nyumba ataipata atakayekaa mezani na mwenyewe, na pesa iliyoingia kwenye simu ya dalali haitawasogeza hatua hata moja.

Mwandikieni usiku huu huu: "Nyumba tumeipenda. Tunakuja kuiona Jumamosi. Tutalipa kwenye akaunti ya mwenye nyumba siku ya kusaini. Tutumie nambari ya bloku na ploti." Dalali mwenye nyumba ya kweli atajibu, "Karibuni." Akija juu au akizima simu, mtakuwa mmeokoa pesa yenu pamoja na nauli ya basi la Mutukula. Mkifika anaweza kuwadai kitu kidogo cha kuzunguka nanyi. Ni desturi ya hapa, msishtuke, lakini mkubaliane kiasi kabla hamjaondoka mlipo. Mumuulize pia udalali wake analipwa na nani. Wapo wanaolipwa na mwenye nyumba, kisha wakaja kudai kodi ya mwezi mzima kwa mpangaji, na mpangaji mgeni hulipa kwa kudhani ndiyo sheria.

Hizo nambari za bloku na ploti nazitaka kwa sababu maalumu. Kiwatule iko kaunti ya Kyadondo, ndani ya Buganda, ambako sehemu kubwa ya ardhi ni ya mailo, mfumo wa umiliki wa ardhi uliotokana na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900. Kiwanja chenye hati hutambulika kwa jina la kaunti, bloku na ploti. Mkiwa na hizo, wakili wenu anaomba taarifa ya hati ofisi ya ardhi ya kanda, analipa ada ndogo, na anapata mambo mawili: jina lililoandikwa kwenye hati, na kilichowekwa juu yake, kama vile rehani ya benki au zuio la mtu anayedai kiwanja.

Watu huniambia, "Lakini sisi hatununui, tunapanga tu." Najua. Lakini nyumba nyingi za namna hii zimejengwa kwa mkopo. Mwaka wangu wa tatu katika kazi hii nilimwingiza mama mmoja na watoto wake katika nyumba kama hiyo upande wa Kira. Mwenye nyumba nilimfahamu, nyumba ilikuwa safi, na yule mama alilipa kodi ya mwaka mzima. Mwezi wa tano tangazo la mnada likabandikwa getini. Benki ilikuwa imechoka kusubiri deni lake, na aliyenunua hakutaka kusikia habari za mkataba wetu. Mama yule alihama, na miezi saba aliyokwisha kuilipia haikurudi. Sikuwa nimeuliza hati. Mpaka leo nikipita barabara ile namkumbuka akipakia vyombo kwenye lori huku mtoto wake mdogo amebeba feni. Tangu hapo sipangishi nyumba ambayo sijaona taarifa ya hati yake. Rehani ikiwepo haina maana kwamba mkimbie. Ina maana kwamba mwombe barua ya benki inayoonyesha kuwa inajua na imekubali nyumba ipangishwe, na msilipe miezi mingi mbele.

Jambo jingine la hapa kwetu: nyumba nyingi ni za watu walioko kyeyo, ndivyo tunavyowaita waliokwenda kufanya kazi nje. Atakayewapokea atakuwa kaka, shangazi au rafiki wa mwenye nyumba. Hakuna ubaya, mradi ana hati ya uwakili iliyosainiwa, na anayempa uwakili ndiye yule aliye kwenye hati ya ardhi. Mwenye hati akiwa amefariki, anayepangisha awe na barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Kusema "mimi ni mtoto wa marehemu" hakutoshi, kwa sababu marehemu anaweza kuwa na watoto tisa. Na kama kila nyumba kati ya hizo sita ina hati yake chini ya Sheria ya Kondominiamu ya mwaka 2001, wamiliki watakuwa na shirika lao la kusimamia vitu vya pamoja. Ombeni kanuni zake mzisome kabla ya kusaini, maana zitawabana nanyi.

Sasa nije kwenye lile ambalo video haiwezi kuonyesha, na ndilo lililonifanya nikae nikujibu kwa urefu. Anayepanga nyumba iliyosimama peke yake amepanga nyumba. Anayepanga nyumba ya kuungana amepanga na vile atakavyotumia pamoja na majirani: ukuta, paa, tangi, pampu, shimo la maji taka, geti. Katika miaka yangu yote, simu ninazopigiwa usiku na wapangaji wa nyumba hizi karibu zote hazihusu vigae wala jiko. Zinahusu kitu cha pamoja.

Anzeni na pampu. Maji ya bomba Kampala hayana nguvu ya kupanda ghorofani kila saa, kwa hiyo nyumba nyingi za namna hii zina tangi la chini, pampu, na matangi ya juu. Ulizeni pampu inatumia umeme wa nani. Umeme wa hapa unalipiwa kwanza ndipo utumike, kama Luku ya kwenu. Sisi tunaita Yaka, neno la Kiganda lenye maana ya waka. Miaka kadhaa iliyopita mpangaji wangu wa nyumba ya mwisho, ile iliyo karibu na geti, alinipigia akilia kwamba Yaka ya shilingi 50,000 haimalizi siku nne. Hapikii umeme, hana friji kubwa. Nikaenda saa tatu usiku. Nikamwomba azime swichi kuu ya nyumba yake. Taa za ndani zikazimika, na taa za ukutani kuzunguka ua mzima zikazimika nazo. Tukatoka nje tukasimama gizani. Nyuma ya tangi, mngurumo ambao sote tulikuwa tumeuzoea hata hatuusikii tena ulikuwa umenyamaza. Kwa miezi minane mama yule alikuwa akipandishia maji familia sita na kuwamulikia ua kwa pesa yake. Fundi alikuwa ameunganisha waya kwenye mita iliyokuwa karibu naye.

Basi mkiwa ndani ya nyumba hiyo, zimeni swichi kuu, tokeni nje, msikilize na mtazame kilichozimika. Kisha, kabla ya kusaini, nunueni Yaka ya shilingi 10,000 kwenye mita ile na msome ujumbe unaorudi. Deni la aliyehama hubaki kwenye mita na hukatwa kidogo kidogo kila mara umeme unaponunuliwa. Likiwepo, ujumbe utawaonyesha, na hapo mwenye nyumba alilipe kwanza. Mjue pia kuwa tangu tarehe 1 Aprili 2025 usambazaji wa umeme umekuwa chini ya UEDCL, kampuni ya serikali, baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni iliyoitwa Umeme kumalizika. Msichanganyikiwe mkisikia watu bado wanataja jina la zamani.

Maji ni ya Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka. Swali la kuuliza ni kama kila nyumba ina mita yake au bili ni moja kwa nyumba zote sita. Bili moja hugawanywa ama kwa nyumba ama kwa vichwa, na ninyi ni watu sita. Ikigawanywa kwa nyumba, jirani anayeishi peke yake atawanung'unikia. Ikigawanywa kwa vichwa, kila mgeni wenu akilala siku mbili atahesabiwa. Mwombeni mwenye nyumba aweke mita ndogo ya ndani kwa kila nyumba. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na ugomvi unaoepukwa.

Kuhusu shimo la maji taka: sehemu kubwa ya jiji hili haina bomba la maji taka, kwa hiyo familia zote sita zitamwaga katika shimo moja, na shimo likijaa lazima gari la kunyonya liitwe. Mfuniko wake uko wapi? Gari linaweza kuufikia bila kubomoa kitu? Anayelipa ni nani? Andikeni majibu katika mkataba. Nyumba ya kupakana na shimo ndiyo ya kwanza kunusa, kwa hiyo kama mna nafasi ya kuchagua kati ya zile sita, chagueni ya mbali nalo.

Halafu ukuta wa kati. Mmoja wenu apande chumba cha kulala kinachopakana na jirani, mwingine aombe hodi kwa jirani huyo, azungumze kwa sauti ya kawaida. Maneno yakisikika, mtaishi mkizijua siri zao na wao zenu. Kisha tafuteni tundu la kuingilia darini, mara nyingi liko juu ya ngazi. Azimeni ngazi, washeni tochi ya simu, mpige picha kuelekea upande wa jirani. Mnachotaka kuona ni ukuta wa matofali unaopanda mpaka kugusa paa. Katika nyumba zilizojengwa kwa haraka ukuta huishia kwenye dari, na juu yake ni uwazi mmoja mrefu kutoka nyumba ya kwanza hadi ya sita. Moto ukianza jikoni kwa mmoja hupita huko juu kabla wengine hawajaamka. Mwizi akiingia nyumba iliyo tupu anaweza kutembea juu ya dari na kushukia chumbani kwa watoto wenu. Nimeona alama za miguu katika vumbi la dari kama hilo, zikipita nyumba tatu. Nyumba yenye uwazi huo simpangishi mtu mwenye watoto hata kwa nusu ya bei, na ninyi msikubali mpaka ujazwe tofali.

Geti liangalieni mara mbili, mchana na tena saa mbili usiku, watu wakisharudi kazini. Hesabuni magari. Nyumba sita zenye magari mawili mawili katika ua wa magari manane ni ugomvi wa kila asubuhi. Zungumzeni na askari. Askari wengi wa Kampala wanajua Kiswahili, na mtu anayemsalimia askari kwa heshima hupata habari ambazo dalali hazitoi. Muulizeni maji yalikatika lini mara ya mwisho na yalirudi baada ya siku ngapi, nani aliishi nyumba hiyo na kwa nini alihama. Mkitoka hapo, mfikeni mwenyekiti wa LC1 wa eneo, yaani wa serikali ya mtaa. Mtamhitaji hata hivyo, maana ndiye huwaandikia wakazi barua ya utambulisho wanapofungua akaunti ya benki au kushughulikia karatasi za kukaa nchini. Mkimuona kabla ya kusaini atawaambia na historia ya geti lile, kama kuna kesi ya kiwanja au la.

Mnahama mwezi wa nane, kabla mvua hazijachanganya. Mvua kubwa za hapa ni za Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba. Kampala ni vilima na mabonde, na mabonde yalikuwa maeneo ya maji kabla ya nyumba kufika. Kiwatule ina pande za juu na pande zinazoshuka kuelekea bondeni, na tofauti ya mita 200 inaweza kuwa tofauti ya kulala pakavu au kuamka na viatu vinaelea. Mkiona mafunjo yameota karibu, mko bondeni. Tazameni ukuta wa nje kwa chini, kama kuna mstari wa tope au rangi mpya iliyopakwa kimo cha goti tu wakati juu ni ya zamani. Barabara ya kuingilia ikiwa ya udongo mwekundu, muulizeni mtu wa boda boda wa kona ile kama hupita siku ya mvua. Yeye hana sababu ya kuwadanganya.

Kwa mahali, sina shaka na chaguo lenu. Kutoka Kiwatule kwenda Nakawa mtapitia Ntinda, na asubuhi foleni ya pale itawachosha, lakini angalau mko upande uleule wa jiji. Wageni wengi huvutiwa na Munyonyo au Bunga kwa ajili ya ziwa, kisha kila siku wanavuka jiji zima kwenda kazini. Kama bei ya Kiwatule itawashinda, tazameni Naalya, Kyaliwajjala na Najjera. Ila chagueni shule kwanza. Mtu mzima anaweza kuvumilia foleni. Mtoto wa miaka saba anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri kila siku mtamuona anavyochoka kufikia mwezi wa kumi.

Tuje kwenye dola. Mume wako atalipwa kwa shilingi, kwa hiyo kodi nayo iwe kwa shilingi. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inasema kodi itajwe na ilipwe kwa shilingi, isipokuwa pande zote mbili zimekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo dola ni ombi la mwenye nyumba, na ombi linaweza kukataliwa. Nawasihi mlikatae. Mwanzoni mwa 2015 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,800, na kufikia Septemba mwaka huohuo ilikuwa imepita 3,600. Mpangaji wa dola 900 aliyekuwa akitoa kama 2,520,000 kwa mwezi akajikuta anatafuta zaidi ya 3,240,000, kwa nyumba ileile na mshahara uleule. Niliwahamisha watu wengi mwaka ule. Mwenye nyumba akishikilia dola kwa sababu anarudisha mkopo wa dola, basi mkataba utaje kiwango cha kubadilishia ambacho hakitabadilika kwa mwaka mzima.

Sheria hiyohiyo inawalinda kwa mengine. Upangaji wenye thamani ya kuanzia shilingi 500,000 unatakiwa uwe wa maandishi, kwa hiyo asiwaambie mtu "tunaaminiana". Kodi haipandishwi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, isipokuwa waziri ametangaza kiwango kingine. Na hakuna anayeruhusiwa kuwatoa kwa nguvu, kubadilisha vitasa au kuwafungia nje bila amri ya mahakama, hata mkiwa mnadaiwa. Wapangaji wengi hawalijui hili, na wenye nyumba wachache hulitumia hilo.

Miezi sita mbele ni mingi mno kwa nyumba ambayo hamjawahi kuilala. Pelekeni pendekezo la miezi mitatu na amana ya mwezi mmoja. Kwa nyumba ya bei hiyo mpangaji mwenye kazi ya kudumu na familia si rahisi kupatikana, na mwenye nyumba mwenye akili analijua hilo. Nyumba ikikaa tupu miezi miwili anapoteza zaidi ya alichokuwa akikipigania. Wekeni pia kifungu cha kuvunja mkataba: mume wako akihamishwa kikazi, mnatoa notisi ya miezi miwili na kodi ya miezi isiyotumika inarudi. Bila kifungu hicho, kodi mliyolipa mbele mtaidai kwa kubembeleza.

Wenye nyumba wachache watawaomba kitu cha siri, kwamba mkataba uandikwe kiasi kidogo kuliko mnacholipa. Sababu yake ni kodi ya serikali. Mtu binafsi anayepangisha nyumba hulipa URA, mamlaka ya mapato ya hapa, asilimia 12 ya mapato yake ya pango yanayozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka. Kataeni kwa heshima. Siku mnayodai amana yenu au miezi iliyobaki, mahakama itasoma kilichoandikwa, na tofauti yote itakuwa imepotea. Kwa sababu hiyohiyo lipeni benki, kwenye akaunti yenye jina lilelile lililo kwenye hati au kwenye hati ya uwakili, na muombe risiti kila mara.

Kuhusu amana, ugomvi wote huzaliwa siku ya kuingia na huonekana siku ya kutoka. Kabla hamjashusha mzigo, pitieni nyumba na mwenye nyumba chumba kwa chumba mkiwa mmeshika karatasi. Fungueni kila koki, vuteni maji ya kila choo, jaribuni kila soketi kwa chaja ya simu, fungeni na kufungua kila dirisha. Kigae kilichopasuka, mlango wa kabati uliolegea, doa la maji kwenye dari: kila kimoja kiandikwe na kupigwa picha yenye tarehe, na nyote wawili msaini ukurasa wa mwisho. Karatasi hiyo iwe sehemu ya mkataba. Nimeona amana nzima ikiliwa na "rangi ya kupaka upya" katika nyumba ambayo mpangaji aliikuta imechubuka hivyohivyo.

Nimemwacha mama mkwe mwisho, ingawa kwangu yeye ndiye anayeamua. Nyumba hizi hujengwa ndefu na nyembamba: sebule na jiko chini, vyumba vyote juu, na ngazi ya zege yenye kona mbili. Chini huwa kuna choo kidogo cha wageni kisicho na bafu. Mtu mwenye magoti mabovu atapanda na kushuka ngazi hiyo mara sita kwa siku, pamoja na usiku wa manane umeme ukiwa umekatika. Kama hakuna chumba cha kulala chini chenye bafu lake, nyumba hii si yenu hata kama mengine yote ni sawa. Wakati mwingine chumba kidogo cha nyuma kilichojengwa kwa ajili ya mtumishi kina choo na bafu ndani, na kinaweza kutengenezwa vizuri kikaunganishwa na jiko. Muulizeni mwenye nyumba kama atakubali, na kwa gharama ya nani.

Kwa hiyo Jumamosi msije wawili. Njooni na mama. Mfike kabla ya saa nne asubuhi, saa ambayo kila nyumba imeshatumia maji, apande ngazi mwenyewe bila kushikwa mkono, aende kwenye bafu analotakiwa kulitumia, afungue bomba la juu. Mkishaona maji yanavyotoka na yeye anavyoshuka, nipigieni mkiwa hapohapo getini.